Mvumo unaoharibu muziki: Jinsi ya kuunda kidhibiti volteji chenye kelele kidogo

ALIYEWAHI kuketi usiku akisikiliza santuri ya zamani ya benga au rumba anaufahamu vyema usumbufu huu. Kabla gita la kwanza halijalia, spika tayari zimeanza kutoa mvumo mzito, mfano wa nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Muziki ukipanda, mvumo humezwa. Ukishuka, mvumo hurejea. Mwenye kifaa huzilaumu spika, naye fundi huenda akashauri kwamba ampilifaya nzima ibadilishwe.

Mara nyingi kosa haliko katika spika wala katika ampilifaya. Liko katika sehemu ambayo wengi hawaijali, ile inayoigeuza stima ya ukutani kuwa volteji ndogo na tulivu inayoweza kutumiwa na transista. Humo ndimo hukaa kifaa kiitwacho kidhibiti volteji, au regyuleta kama wanavyokiita mafundi.

Suala hili si la wapenzi wa santuri pekee. Mitambo ya sauti ya makanisani, mashine za kuchanganyia sauti katika studio ndogo ndogo na hata redio zilizoundwa na wanafunzi wa vyuo vya ufundi hukumbwa na tatizo lilo hilo. Wapo wanaotumia maelfu ya shilingi kununua vipuri ghali, hali dawa ingekuwa kapasita moja ya bei nafuu na waya mmoja uliosogezwa. Isitoshe, wapo wanaochukua njia ya mkato inayoweza kuwatoa roho, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Mvumo huzaliwa wapi?

Nchini Kenya, stima ya majumbani ni ya volti 240, nayo ni mkondo geu unaozunguka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Ndani ya kifaa cha sauti, transfoma huipunguza volteji hiyo. Kisha dayodi nne zilizopangwa kwa umbo la daraja huulazimisha mkondo uelekee upande mmoja. Baada ya hapo, kapasita kubwa huuhifadhi, mfano wa tangi la maji lililowekwa juu ya paa.

Kwa kuwa daraja la dayodi hutumia nusu zote mbili za kila wimbi, tangi hilo hujazwa mara 100 kwa sekunde. Baina ya kujazwa mara moja na nyingine, saketi huendelea kunywa na kiwango hushuka. Huku kupanda na kushuka ndiko kunakosikika kama mvumo wa hezi 100.

Ukubwa wa wimbi hilo hukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Mkondo unaotumiwa hugawanywa kwa 100, kisha jibu likagawanywa kwa ukubwa wa kapasita. Saketi inayotumia miliampea 100, ikiwa na kapasita ya mikrofaradi 1,000, itakuwa na wimbi la volti 1 hivi.

Volti moja inaweza kuonekana kuwa kidogo, lakini hebu msomaji ailinganishe na muziki wenyewe. Sindano ya gramafoni ya aina iliyoenea, ile yenye sumaku inayotikisika, hutoa takriban milivolti 5 pekee. Kwa maneno mengine, uchafu ulio katika tangi la stima ni mara 200 ya wimbo unaosubiriwa kukuzwa.

Mambo huzidi kuwa mabaya kwa sababu ya jinsi santuri zinavyotengenezwa. Wakati wa kukata santuri, sauti za besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isigongane. Saketi ya kuisoma santuri hulazimika kuzirejesha kwa kuzikuza zaidi ya sauti nyingine. Sauti ya hezi 100 hukuzwa karibu mara nne na nusu zaidi ya ile ya hezi 1,000, nayo ya hezi 50 hukuzwa karibu mara saba zaidi. Mvumo wa stima huangukia papo hapo.

Mlinzi wa bomba

Kazi ya regyuleta ni kusimama kati ya tangi hilo na saketi ya muziki. Regyuleta zinazozungumziwa hapa ni zile ziitwazo za linia. Muundo wake hauna fumbo. Ni kama mtu aliyeshika bomba huku macho yake yakiwa kwenye alama iliyochorwa ndani ya ndoo. Maji yakishuka chini ya alama, hufungua bomba kidogo. Yakipita alama, hulifunga kidogo.

Bomba hilo ni transista kubwa inayopitisha mkondo wote. Alama ya ndoo ni volteji ya marejeleo, ambayo haifai kuyumba hata kidogo. Macho ya mlinzi ni saketi ya kulinganisha, ambayo hupima volteji inayotoka, huilinganisha na alama, kisha huiamuru transista. Mzunguko huo wa kupima na kusahihisha huitwa mrejesho. Volteji ya ziada isiyohitajika huteketezwa kama joto, na ndiyo sababu regyuleta hizi hufungwa kwenye bati la kupoozea.

Zipo regyuleta za aina nyingine ambazo huwasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, kama zile zilizomo ndani ya chaja za simu. Hizo hazipotezi stima nyingi, lakini kule kuwasha na kuzima huzaa kelele yake yenyewe. Kwa sababu hiyo, katika hatua za mwanzo za kukuza sauti, pale muziki ungali mdogo mno, wahandisi wengi wameendelea kuegemea regyuleta za linia licha ya joto lake.

Chipu ya miguu mitatu

Mwaka 1976, mhandisi Robert Dobkin, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya National Semiconductor nchini Marekani, alibuni chipu iliyopewa jina LM317. Ina miguu mitatu tu: wa kuingilia, wa kutokea na wa kurekebishia. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011, lakini chipu yenyewe ingali inaundwa na viwanda mbalimbali na kuuzwa kote duniani, zikiwemo bidhaa zinazofika katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue jijini Nairobi.

LM317 hujitahidi kudumisha volti 1.25 kati ya mguu wa kutokea na ule wa kurekebishia. Fundi huweka rezista mbili na kuchagua volteji anayoitaka. Rezista ya kwanza, kati ya mguu wa kutokea na wa kurekebishia, ikiwa ya omu 120, na ya pili, kati ya mguu wa kurekebishia na waya wa sifuri, ikiwa ya omu 1,300, volteji itakayotoka ni karibu volti 14.9. Hiyo inafaa kwa opampu nyingi za sauti, ambazo huendeshwa kwa volti 15 za chanya na volti 15 za hasi.

Mbona omu 120 na si zaidi? Jibu ni kwamba chipu hii huhitaji mkondo kiasi upite ndani yake ndipo ifanye kazi sawasawa. Kiwango cha juu kinachotajwa na watengenezaji ni miliampea 10. Rezista ya omu 120 hupitisha miliampea 10.4, hivyo sharti hilo hutimizwa hata kabla kitu kingine hakijaunganishwa.

Kelele ya nje na ya ndani

Ili kuunda regyuleta tulivu, ni sharti mtu atofautishe maadui wawili. Wa kwanza hutoka nje, nao ni lile wimbi la hezi 100 linalopenya kutoka kwenye tangi. Wa pili huzaliwa ndani ya regyuleta yenyewe.

Adui huyu wa pili hana tiba kamili. Mnamo 1918, mwanafizikia wa Ujerumani Walter Schottky alieleza kwamba mkondo wa umeme haumiminiki laini kama mafuta, bali huja kwa chembe chembe, mfano wa mvua juu ya mabati. Miaka kumi baadaye, mnamo 1928, John Johnson na Harry Nyquist wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa rezista yoyote yenye joto hutoa kelele hata ikiwa haijaunganishwa na betri. Rezista ya kilo-omu 1 iliyo katika joto la kawaida la chumbani hutoa karibu nanovolti 570 za kelele katika upana wote wa sauti anazosikia binadamu.

Ndani ya regyuleta, chanzo kikuu cha kelele huwa ni volteji ya marejeleo. Dayodi za zena zinazozidi volti 6 hivi zina sifa mbaya katika jambo hili, kiasi kwamba wahandisi huzitumia wanapotaka kuzalisha kelele kimakusudi. Kelele ya marejeleo husikika kama sauti nyembamba ya manyunyu, tofauti na mvumo mzito wa stima.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza. Regyuleta ya kawaida haitoi volteji ya marejeleo vilivyo. Huikuza. Volti 1.25 zikigeuzwa kuwa 15, zimekuzwa mara 12, na kelele yake nayo imekuzwa mara 12. Watengenezaji wa LM317 wanaeleza kwamba kelele yake ni asilimia 0.003 ya volteji inayotoka, ikipimwa kati ya hezi 10 na hezi 10,000. Kwa volti 15, hiyo ni mikrovolti 450. Kama kelele isingekuzwa, ingekuwa chini ya mikrovolti 40.

Kapasita moja, faida mbili

Dawa ya tatizo hilo ni nafuu ajabu. Kapasita ikiwekwa kati ya mguu wa kurekebishia na waya wa sifuri, volteji tulivu huendelea kukuzwa mara 12 kama kawaida, kwa kuwa kapasita haipitishi mkondo mnyoofu. Lakini kelele, ambayo ni mkondo geu, hupata njia ya mkato kupitia kapasita hiyo, na hivyo haikuzwi tena.

Hesabu inathibitisha. Kapasita ya mikrofaradi 10 huwa na ukinzani wa omu 159 hivi kwa sauti ya hezi 100. Ikiambatanishwa na rezista ya omu 120, kelele ya hezi 100 hukuzwa chini ya mara mbili badala ya mara 12. Kapasita ya mikrofaradi 100 huufanya ukuzaji huo usizidi mara moja.

Faida ya pili ni kwamba mvumo kutoka nje nao hupungua. Bila kapasita hiyo, LM317 huukandamiza mvumo kwa takriban desibeli 65. Ikiwekwa kapasita ya mikrofaradi 10, kiwango hupanda hadi takriban desibeli 80. Yaani, wimbi la volti 1 lililokuwa likipenya kwa kiasi cha mikrovolti 560 sasa hupenya kwa mikrovolti 100.

Tahadhari moja ni muhimu. Mlango wa kutokea ukipatwa na shoti kwa bahati mbaya, kapasita hiyo itajimwaga kupitia ndani ya chipu na huenda ikaiharibu. Dayodi ndogo kama 1N4002, ikielekezwa kutoka mguu wa kurekebishia hadi ule wa kutokea, huupa mkondo huo njia salama. Dayodi nyingine kutoka mguu wa kutokea hadi wa kuingilia hulinda chipu pale upande wa kuingilia unapozimika kwanza.

Aidha, anayeunda upande wa hasi kwa kutumia chipu ya LM337 anafaa kukumbuka kwamba miguu yake haifuati mpangilio wa LM317. Mguu wa kuingilia na wa kutokea hubadilishana nafasi. Bati la mgongoni nalo si lile lile: katika LM317 limeungana na mguu wa kutokea, ilhali katika LM337 limeungana na wa kuingilia. Zikifungwa kwenye kipande kimoja cha chuma bila kitenganishi, ni shoti.

Stima inapofifia

Regyuleta hufanya kazi tu ikiwa volteji inayoingia ni kubwa kuliko inayotoka. LM317 huhitaji nafasi ya takriban volti 3. Nafasi hiyo ikikosekana hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, mlinzi wa bomba hana tena cha kufunga wala kufungua, na mvumo wote hupita. Katika maeneo ambako stima hufifia jioni, hiki ndicho chanzo cha mvumo unaokuja na kutoweka.

Chukulia transfoma ya volti 18. Kilele cha wimbi lake ni mara 1.414 ya kiasi hicho, yaani karibu volti 25.4. Dayodi mbili zinazopitiwa kwa wakati mmoja hula takriban volti 1.4, na kubakia 24. Wimbi la tangi likitoa volti 1 nyingine, kiwango cha chini kabisa ni volti 23. Kwa regyuleta ya volti 15, nafasi iliyopo ni volti 8.

Stima ya ukutani ikipungua kwa asilimia 20, hesabu hiyo hiyo huleta volti 18 katika kiwango cha chini. Nafasi inayobaki ni volti 3 kamili. Transfoma hiyo basi inatosha. Lau angechagua ya volti 15 ili kupunguza joto, fundi angejikuta mashakani stima ikipungua kidogo tu.

Kwa upande mwingine, stima ikizidi kwa asilimia 10, tangi litafika karibu volti 26.6. Kwa mkondo wa miliampea 100, chipu italazimika kuteketeza zaidi ya wati 1 ya joto, na inahitaji bati dogo la kupoozea. Kwa kuwa transfoma isiyobebeshwa mzigo kamili hutoa volteji inayozidi ile iliyoandikwa juu yake, ni busara kapasita ya tangi iwe ya volti 50 badala ya 35.

Waliotaka zaidi

Kwa baadhi ya wapenzi wa sauti, LM317 haikutosha. Mwaka 1980, Michael Sulzer alichapisha katika jarida la Marekani, The Audio Amateur, muundo wa regyuleta ambao saketi yake ya kulinganisha ilikuwa opampu. Opampu hukuza tofauti ndogo mno maelfu ya mara, hivyo husahihisha kosa kwa ukali zaidi kuliko saketi iliyomo ndani ya chipu ya miguu mitatu.

Mwaka 1995, mhandisi Walt Jung, akishirikiana na Jan Didden na Gary Galo, aliuendeleza muundo huo katika jarida lilo hilo. Nguzo zake zinaweza kuelezwa kwa maneno machache, nazo zina manufaa hata kwa asiyekusudia kuuiga muundo wote.

Nguzo ya kwanza ni kwamba regyuleta hutanguliwa na regyuleta nyingine. Ya kwanza huondoa sehemu kubwa ya mvumo, ya pili husafisha masalio. Ya pili ni kwamba opampu hupata stima yake kutoka upande safi unaotoka, si upande mchafu unaoingia. Ya tatu ni kuichuja volteji ya marejeleo kwa rezista na kapasita kabla haijafika kwenye opampu. Rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 100, kwa mfano, huanza kuchuja kuanzia hezi 0.16, na kufikia hezi 100 kelele huwa imepunguzwa takriban mara 600. Gharama yake ni kwamba kifaa huchukua sekunde kadhaa kabla ya volteji kupanda kikamilifu.

Nguzo ya nne ni ya nyaya. Mrejesho hauchukuliwi penye regyuleta, bali pale saketi ya muziki inapokula stima, kwa nyaya mbili za pekee zisizobeba mkondo mkubwa. Kwa njia hiyo, hata upotevu ulio ndani ya waya husahihishwa.

Hata hivyo, si wahandisi wote wanaoafiki kwamba kazi yote hiyo ni ya lazima. Douglas Self wa Uingereza, mwandishi wa kitabu Small Signal Audio Design kilichotoka 2010, ni miongoni mwa wanaoshikilia kuwa kwa saketi za opampu zilizoundwa vyema, regyuleta za kawaida zinatosha.

Hoja yao ina uzito. Opampu maarufu ya NE5532 yenyewe huukandamiza uchafu wa stima kwa takriban desibeli 100, yaani mara 100,000. Zile mikrovolti 100 zilizopenya kwenye LM317 hubaki nanovolti 1. Hiyo huzama kabisa chini ya kelele ya rezista moja ya kilo-omu 1.

Ukweli ni kwamba kila upande una mahali pake. Uwezo huo wa opampu hushuka kadiri masafa yanavyopanda, na ule wa regyuleta hushuka vilevile. Saketi zilizoundwa kwa transista moja moja mara nyingi hazina kinga ya namna hiyo. Nazo chipu zinazogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti hutumia volteji ya marejeleo kama kipimo cha kila sauti inayotoka, hivyo kelele yake huingia moja kwa moja katika wimbo. Saa za kielektroniki zinazoongoza chipu hizo nazo huyumba zinapolishwa stima chafu. Hapo ndipo pesa za regyuleta bora huwa hazijapotea.

Kwa kazi za aina hiyo, kampuni ya Linear Technology, ambayo Dobkin alishiriki kuianzisha mwaka 1981, ilitoa chipu ya LT3042 mwaka 2015. Kelele yake ni mikrovolti 0.8 pekee, kati ya hezi 10 na hezi 100,000. Badala ya kuikuza volteji ndogo ya marejeleo, chipu hiyo hupitisha mkondo thabiti wa mikroampea 100 katika rezista moja, kisha huinakili volteji inayopatikana bila kuikuza. Kapasita moja juu ya rezista hiyo humaliza kazi ya kuchuja. Ni wazo lile lile la kapasita ya LM317, ila limejengwa ndani tangu mwanzo. Udhaifu wake ni kwamba haizidi miliampea 200, na ni ndogo kiasi cha kuutesa mkono wa fundi asiye na vifaa vya kisasa vya solda.

Chipu bora, nyaya mbovu

Msomaji asije akadhani kwamba chipu ghali ni tiba ya kila mvumo. Katika vifaa vingi vinavyofikishwa kwa mafundi, mkosaji ni waya wa sifuri.

Mkondo unaojaza tangi hauji polepole. Huja kwa vishindo vifupi karibu na kilele cha kila wimbi, na kishindo kimoja kinaweza kuwa mara kadhaa ya mkondo wa kawaida. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 una ukinzani wa karibu mili-omu 17 kwa kila mita. Sentimita 10 zake ni mili-omu 1.7. Kishindo cha ampea 2 kikipita humo, huacha milivolti 3.4 kati ya ncha na ncha. Ikiwa sindano ya gramafoni, yenye milivolti zake 5, imeunganishwa kwenye waya huo huo, mvumo utakuwa karibu sawa na muziki, na hakuna regyuleta duniani itakayouondoa.

Kanuni ni moja. Nyaya kutoka kwenye daraja la dayodi zifike kwanza kwenye kapasita ya tangi. Waya wa sifuri wa regyuleta, pamoja na ule wa rezista na kapasita ya kurekebishia, utoke baada ya tangi na ukutane na wa muziki katika nukta moja. Transfoma nayo iwekwe mbali na sindano na hatua za kwanza za ukuzaji, kwa kuwa sumaku yake huvuma hewani.

Kapasita ya mlango wa kutokea pia inahitaji uangalifu. Wapo wanaodhani kwamba kapasita bora kabisa, isiyo na ukinzani wowote wa ndani, ndiyo inayofaa. Kumbe regyuleta nyingi za zamani hutulia zaidi zikiwa na kapasita ya kawaida ya mikrofaradi 10 hadi 100, ambayo ukinzani wake mdogo wa ndani huzuia mrejesho usiyumbeyumbe.

Usikate waya wa ardhi

Kuna njia moja ya kunyamazisha mvumo ambayo haifai kujaribiwa kamwe. Baadhi ya watu, wakigundua kwamba mvumo hutoweka wanapokata waya wa ardhi au kuvunja pini yake kwenye plagi, huuacha hivyo hivyo. Waya huo uliwekwa kulinda uhai. Siku ambayo ndani ya transfoma patatokea hitilafu na volti 240 zikagusa kasha la chuma, waya wa ardhi ndio unaoubeba mkondo huo na kuifanya fyuzi ikatike. Usipokuwepo, njia inayobaki ni mwili wa yule atakayeshika kasha, au mwimbaji atakayeshika kipaza sauti.

Vilevile, kapasita ya tangi huweza kubaki na chaji baada ya kifaa kuzimwa. Katika ampilifaya kubwa, chaji hiyo inaweza kuunguza na hata kuua. Fundi makini huimwaga kwa rezista na kupima kabla ya kuingiza mkono. Kwa anayeanza, ni salama zaidi kununua transfoma iliyofungwa kikamilifu na kuachia upande wa volti 240 fundi aliyehitimu.

Mwisho, mita ya kawaida ya fundi haiwezi kupima mikrovolti za kelele. Njia nafuu ni kuipitisha kelele kwenye kapasita, kuikuza mara 1,000 kwa ampilifaya ndogo inayoendeshwa na betri, kisha kuiingiza katika kompyuta yenye programu ya kuchambua sauti. Kinachoonekana penye hezi 100 ni mvumo wa tangi. Kinachoonekana penye hezi 50 kwa kawaida ni sumaku ya transfoma au nyaya. Kilichotandaa kila mahali ni kelele ya marejeleo na rezista.

Kila kimoja kina dawa yake, na hakuna kati ya hizo inayomtaka mtu aanze kwa kununua ampilifaya mpya.